Usipige Windows Kabla Hujajua Inaumwa Nini

Wanangu wa Nkoaranga, na ninyi mliopanga vyumba Usa River na Tengeru kwa ajili ya masomo, nina neno nanyi kuhusu hizi kompyuta zenu. Nyingi mlizonazo si mpya. Zilitumika maofisini Ulaya au Marekani miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla, nyingine zikapitia Dubai, zikashuka Kariakoo, zikapanda basi mpaka Arusha, na mzazi akauza ndama ili moja ikufikie mezani. Sizibezi hata kidogo. Laptopu ya mwaka 2013 iliyotunzwa inaandika tasnifu sawasawa na ile iliyotoka kiwandani mwaka huu. Ninachowaonya ni yale mnayofanya siku inapoanza kuwa nzito.

Nayaona. Mtu anabonyeza kitufe cha kuwashia, anakwenda kuchota maji, anarudi, bado vidoti vinazunguka kwenye kioo. Anavumilia miezi. Dirisha la maombi kwenye Bodi ya Mikopo linapokaribia kufungwa, uvumilivu unakwisha. Anaibeba mpaka mjini, na fundi wa kwanza anayemkuta barazani anamwambia, hii tupige Windows upya. Hajaifungua. Hajauliza uzito ulianza lini. Jioni mashine inarudi nyumbani ikiwa tupu na nyepesi, na wiki chache baadaye imerudia hali yake ileile.

Yupo binti mmoja wa jirani zetu aliyepita njia hiyo. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na ndani ya mashine yake mlikuwa na sura nne za tasnifu pamoja na mahojiano aliyorekodi kwa akina mama wanaouza ndizi. Fundi alimwuliza kama ana vitu vya muhimu, naye akajibu viko kwenye Documents, akidhani basi amekwisha kusema. Vilifutwa vyote siku ile. Na uchungu zaidi ni kwamba Windows haikuwa na kosa lolote: hadidiski yenyewe ilikuwa inakufa, na Windows mpya ikawekwa juu ya diski mbovu ileile. Alirudia mahojiano kijiji kwa kijiji, na wawili kati ya wale akina mama hakuwakuta tena duniani. Ndiyo maana naandika kwa ukali kidogo, mtaniwia radhi.

Sisi Wameru tunapaswa kuwa watu wa mwisho kupoteza maandishi. Novemba 1951 wazee wetu waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na walichojibu nacho kilikuwa maandishi. Waliandika malalamiko, wakachanga fedha nyumba kwa nyumba, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York. Mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu cha kesi ile, na kiliwezekana kwa sababu nyaraka zilikuwa zimehifadhiwa. Leo nyaraka za ukoo, picha za mazishi, mihtasari ya vikao, vyeti vya watoto, vyote viko ndani ya hadidiski moja ambayo hamjui hata umri wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hamjagusa kingine, ni kunakili. Flashi mbili ni bora kuliko moja, na moja ikae nyumba nyingine. Kama una bando, faili za tasnifu jitumie kwa barua pepe. Za maandishi ni nyepesi, hazimalizi bando. Ukisikia hadidiski inagonga tik-tik, au faili inakataa kufunguka leo ilhali jana ilifunguka, au mashine inaganda kila unapogusa folda ileile, basi usiendeshe programu ya kusafisha, usipange upya diski, usiiwashe na kuizima ukitumaini itatulia. Kila dakika diski ya namna hiyo inayozunguka ni dakika moja karibu na mwisho wake. Toa vitu vyako kwanza, ukianza na vile usivyoweza kuvipata tena. Filamu ziache mwisho au ziache kabisa.

Mkahawa ukianza kukauka matawi, mkulima wa huku hang'oi shina; anakagua majani, anachimba aone mizizi, ndipo anaamua. Nataka muwe na mkono huohuo kwenye mashine. Jiulizeni uzito unakuja wakati gani. Ni pale inapowaka tu, kisha inachanganya? Ni baada ya nusu saa, mwili wake ukiwa wa moto? Ni unapofungua kurasa kumi za intaneti kwa pamoja? Au ni saa zote? Majibu hayo manne yanaelekeza mahali panne tofauti, na fundi asiyeuliza hata moja hafai kulipwa.

Kisha tumia macho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Haihitaji intaneti, haihitaji fundi, ipo kwenye kila Windows mliyonayo. Angalia safu tatu: prosesa, kumbukumbu, diski. Iache mashine dakika tano baada ya kuwaka bila kufungua kitu, uone ni ipi iliyojaa. Mashine nyingi za zamani ninazoletewa hapa, diski inasoma asilimia mia huku prosesa ikiwa imetulia. Maana yake prosesa iko tayari kufanya kazi, inasubiri diski iiletee.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo pesa zenu zinapopotelea. Hadidiski ya kawaida ya laptopu ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosogea huku na huku kutafuta data. Windows inapowaka inasoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, na kichwa kile hakina budi kwenda kwenye kila moja. SSD haina sahani wala kichwa. Inasoma kutoka kwenye chipu moja kwa moja. Mashine ileile ya zamani, ikiwekewa SSD ya inchi 2.5 mahali pa hadidiski, hubadilika kuliko ambavyo ingebadilika kwa kitu kingine chochote unachoweza kununua kwa fedha hizo. Sisemi kwa kusikia, nimewaona walimu na wenye steshenari wakifanya hivyo na kuendelea na mashine walizotaka kuuza kwa bei ya kutupa. Gigabaiti 240 zinamtosha mwanafunzi. Hadidiski ya zamani, kama bado ni nzima, iwekwe kwenye kasha la USB iwe ghala la picha; mwambie fundi mapema kwamba unaitaka, maana ni mali yako na ina siri zako.

Ila jihadharini na bidhaa feki. Ziko flashi na SSD sokoni zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa ambayo hazina. Zinapokea faili bila kulalamika, zikijaa zinaanza kuandika juu ya zile za mwanzo, na wewe huna habari mpaka siku unapofungua. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza kifaa chote na kusoma tena kuhakikisha. Ifanyeni kazi hiyo siku ileile ya kununua, kifaa kikiwa bado kitupu, huku risiti ikiwa bado mfukoni. Na kwa diski mliyonayo sasa, CrystalDiskInfo, nayo ya bure, itawaonyesha hali yake kwa neno moja na rangi. Ikisema tahadhari, ichukulieni kama amri.

Ikiwa kilichojaa ni kumbukumbu, tazama una RAM kiasi gani. Gigabaiti nne kwa Windows 10 na kivinjari chenye kurasa nyingi ni finyu. Nane zinatosha kwa kazi za kawaida. Kabla hujatuma mtu mjini akununulie, jua mashine yako inapokea aina gani. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4. Ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye laptopu. Na laptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne na cha tano zinadai DDR3L, ile ya volti 1.35, ukiwekewa ya volti 1.5 inaweza kukataa kuwaka, ukaambiwa madabodi imekufa.

Uzito wa wakati wa kuwaka peke yake mara nyingi ni programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye Task Manager ipo sehemu iitwayo Startup. Zima za muziki, za mikutano ya video, za printa uliyokwisha kuirudisha kwa mwenyewe. Usizime ya ulinzi wala zile za sauti na kipanya. Na fahamuni kwamba kwenye Windows 10, kwa mpangilio wake wa kawaida, ukichagua Shut down mashine haianzi upya kabisa siku ya pili, inahifadhi sehemu ya hali yake ili iwahi kuwaka. Uchafu uliojikusanya unaweza kubaki. Mara moja kwa wiki chagua Restart.

Halafu kuna masasisho. Wengi mnawasha intaneti saa moja tu kwa siku, kwa bando la simu, na saa hiyohiyo Windows inakimbilia kupakua masasisho yaliyorundikana mwezi mzima. Mashine inakuwa nzito, bando linakwisha, kazi haijaenda. Iwekeni intaneti ya simu kuwa ya kupimwa (metered) kwenye mipangilio, kisha mkipata mtandao wa chuo yaacheni masasisho yamalize kabisa, chaja ikiwa imechomekwa.

Sasa kuna hili la chaja, ambalo sijaona likisemwa ipasavyo. Laptopu za Dell, na baadhi ya nyingine, huzitambua chaja zake kwa waya mwembamba ulio katikati ya pini. Ukichomeka chaja isiyotambulika, au ya asili ambayo waya wake umekatika ndani kwa kukunjwakunjwa, mashine inawaka, lakini betri haichaji na prosesa inashushwa kasi makusudi ili isivute umeme mwingi. Kijana anaona uzito, anapeleka mashine kwa fundi, Windows inapigwa, uzito unabaki, RAM inanunuliwa, uzito unabaki. Ugonjwa wote uko kwenye waya. Wakati wa kuwaka mashine hutoa ujumbe kuhusu chaja, nanyi mnaubonyeza upite bila kuusoma. Msipuuze ujumbe wa kwanza wa mashine. Someni kila neno, na kama Kiingereza kinawatatiza, upigeni picha mmpelekee anayekijua.

Joto nalo lina ushahidi wake. Kiangazi huku vumbi la udongo wa volkano ni jembamba, linapenya kila upenyo, na ukiishi karibu na jiko la kuni moshi nao unaligandisha kwenye feni. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo ile mashine inayoanza vizuri saa mbili asubuhi na kukwama saa nne. Msiitumie juu ya kitanda wala godoro, panapozibwa matundu ya chini. Kuisafisha si siri kubwa: zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua mfuniko, shika feni kwa kidole isizunguke, pangusa kwa brashi laini. Mashine yenye miaka mingi inahitaji pia kubadilishiwa ile gundi ya joto iliyo kati ya prosesa na chuma, maana hukauka. Hiyo mwachie fundi, lakini simama uone.

Saa ikirudi mwaka wa nyuma kila ukizima, ni betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye madabodi. Ni kama sarafu, na duka lolote la saa wanayo. Tarehe ikikosewa, tovuti nyingi za maombi hukataa kufunguka zikisema si salama, nawe unalaumu mtandao bure.

Nije kwenye lile linalonisumbua zaidi, tabia ya kuchukua kila kitu cha bure. Windows na programu za ofisi mnawekewa kwa vifungulio vya wizi, na ili kifungulio kifanye kazi mnaambiwa zimeni ulinzi kwanza. Mnauzima. Wanangu, mtu anayekutaka uzime ulinzi ndipo akupe zawadi ana nia gani? Mwaka 2021 wachunguzi wa usalama wa mtandao waliikuta programu iliyojifanya KMSpico, ambacho ni kifungulio kinachojulikana sana mitaani, ikiwa imebeba virusi vya kuiba nywila na fedha za kidijitali. Vingine vinaitumia mashine yako kufanya kazi za watu wengine usiku na mchana. Unaona prosesa imejaa wakati hujafungua kitu. Kundi hilohilo ndimo zilimo programu zinazoahidi kuiongezea mashine kasi kwa kubonyeza mara moja. Haziongezi. Zinakaa humo zikila kumbukumbu ileile mnayoililia. Na msiweke antivairasi mbili kwa pamoja, zinakabana. Ile iliyokuja na Windows inatosha kama inasasishwa.

Wenye steshenari mlioko karibu na hospitali na pale barabara kuu, ninyi mnapokea flashi za watu wote. Mmebeba vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, majibu ya vipimo ambayo mgonjwa alitaka nakala tu. Mashine yenu ikiwa nzito na mkaipeleka kwa fundi pamoja na hayo yote, mmempelekea siri za tarafa nzima. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ipo Tume ya kuisimamia. Futeni faili ya mteja akishaondoka na karatasi yake. Itawapunguzia mzigo wa diski na mzigo wa sheria.

Mtu atauliza, je, hakuna siku ya kupiga Windows upya? Ipo. Virusi vikizama, au faili za mfumo zikiharibika baada ya umeme kukatika katikati ya sasisho, ni dawa halali. Lakini iwe baada ya diski kupimwa na kazi kunakiliwa na wewe mwenyewe kufungua zile nakala kwenye mashine nyingine ukaziona zinasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa msiihesabu.

Na Windows ipi? Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake Januari 14, 2020. Windows 10 imefuata Oktoba 14, 2025, ingawa wanaojiandikisha wameongezewa masasisho ya usalama mpaka Oktoba 13, 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine zenu nyingi hazimo. Wapo watakaowawekea kwa kuzunguka masharti hayo. Itawaka, lakini Microsoft hawaahidi kuihudumia. Kwa mashine ya namna hiyo ningewashauri Linux Mint ya Xfce, ambayo ni bure kwa haki, inaendeshwa na RAM ya gigabaiti mbili na inapumua vizuri kwa nne, na ina LibreOffice ndani yake. Kabla ya kuiweka, iwasheni kutoka kwenye flashi muijaribu bila kufuta chochote. Kama kozi yako inadai SPSS au programu nyingine ya Windows, ulizia kwanza chuoni kwako.

Msidhani kuilaumu mashine ni jambo la vijana tu. Serikali ilileta kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500, pale Wizara ya Fedha. Hesabu za nchi zilipohamishiwa kwenye mitambo hiyo ziliharibika badala ya kunyooka, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Watu waliofunzwa kuziendesha walikuwa wachache mno, na maandalizi hayakutosha. Marufuku haikumfundisha mtu yeyote. Ilituchelewesha, na ninyi leo mnasoma vyuo vilivyo hapohapo chini ya Mlima Meru, Makumira, Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Chuo cha Ufundi Arusha, ambako elimu hii inatolewa kwa uwazi. Hakuna sababu ya kijana wa kizazi hiki kuibeba mashine kama mgonjwa asiyeweza kusema, ilhali inasema kwa namba kila unapobonyeza vitufe vitatu.

Mafundi wazuri wapo, na mheshimuni aliye mzuri. Mtamjua kwa kuuliza kwake. Kubalianeni bei kabla hajashika bisibisi. Mwandikie kwenye karatasi kwamba asifute kitu bila idhini yako. Kaa ushuhudie ikiwezekana. Kifaa alichotoa akurudishie mkononi, hata kama amesema kimekufa.

Wewe uliye na tasnifu au daftari za biashara kwenye mashine iliyoanza kuchelewa kuwaka, usingoje Jumamosi ya gulio la Tengeru ndipo ununue flashi. Azima ya ndugu yako leo jioni, nakili kazi zako, zifungue kwenye mashine yake uhakikishe zinasomeka, na asubuhi ndipo uanze kuitafuta shida ya mashine.